Kompyuta ya Stoo

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, fundi wa mtandao wa hospitali alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya katibu muhtasi, akiufuata waya mweupe kwa kidole. Printa ya ofisi ya majengo ilikuwa ikitoa karatasi ambazo hakuna aliyezituma. Alishajaribu yale ya siku zote: kuizima na kuiwasha, kufuta kazi zilizopanga foleni, kuhakikisha kila kompyuta inaiona. Hakukuwa na kasoro yoyote, na hapo ndipo alipoanza kuingiwa na wasiwasi.

"Subiri saa nne," katibu muhtasi alimwambia bila kuinua macho. "Marehemu huwa hachelewi."

Saa nne kamili printa ikakohoa, ikatoa ukurasa mmoja. Jina la kompyuta iliyoutuma likatokea kwenye orodha: ile ya mkaguzi wa majengo, aliyezikwa mwaka jana. Kompyuta yenyewe ilikuwa stoo, haina waya wala diski. Fundi ndiye aliyeitoa diski hiyo, kwa mikono yake mwenyewe, baada ya mazishi. Akaenda kuitazama. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, na kibodi ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akafunga mlango wa stoo, akarudi.

Ukurasa ulikuwa ripoti ya ukaguzi. *Wodi ya wazazi, ghorofa ya pili. Nguzo ya upande wa ngazi imepasuka hadi kwenye nondo. Isitumike.* Vumbi la saruji lilidondoka kutoka kwenye karatasi, katibu muhtasi akalifagia.

Fundi akafungua folda ya pamoja, akaitafuta ripoti hiyohiyo. Humo iliandikwa: *Inafaa kutumika.* Ilibadilishwa wiki moja baada ya mazishi. Akatafuta aliyeibadilisha, na jibu likamkata maini: mtumiaji aitwaye Ofisi. Watu wote wa idara ile walikuwa Ofisi. Miaka mitatu nyuma, alipochoka kupigiwa simu na waliosahau nenosiri, yeye ndiye aliyewapa wote jina moja, nenosiri moja, na ruhusa ya kuandika na kufuta watakavyo. Siku hiyo walimnunulia soda na kumwita mkombozi.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, ghorofa ya pili.

Fundi aliogopa. Aliogopa mpaka akasahau mfuko wake wa vifaa chini ya meza, akaenda kwa mkuu wa majengo na karatasi mkononi.

"Hii naletewa kila siku," mkuu alisema. "Ripoti halali ni iliyomo kwenye folda. Hii haina sahihi."

"Mwenye sahihi si ameshafariki, mzee?"

"Ndiyo hapo sasa. Wewe niondolee usumbufu wa printa. Mambo ya nguzo yana wenyewe."

Fundi alilirudisha lile neno *Isitumike* kwenye folda. Hadi adhuhuri Ofisi alikuwa ameshalifuta. Akawanyang'anya wote ruhusa. Kabla ya saa za kazi kwisha ikaja amri ya maandishi airudishe, akairudisha. Kisha akamfungia marehemu njia mtandaoni, kama alivyoagizwa. Kesho yake printa ikatoa kurasa mbili. Akachomoa waya wa printa. Zikatoka nne, na vumbi likajaa kwenye trei.

Jioni alimwambia mkewe, "Mama watoto, usipande tena kule juu."

"Ufa tunaujua," mkewe alimjibu, akivua viatu vya kazi. "Tumeufunika kwa kalenda ya methali. Mwezi huu unajua inasemaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta." Alicheka, kisha akaacha. "Nami naogopa, baba watoto. Lakini nikikaa nyumbani, wale akina mama watapokewa na nani?"

Wiki ya tatu katibu muhtasi alipata dawa. Kurasa zilikuwa nyingi na upande wa pili ni mweupe, basi akaanza kuzirudisha kwenye trei, zikatumika upya. Wodi nazo zikaja kuomba karatasi hizo. Mkuu akasifu ubunifu huo kikaoni, na fundi akaletewa fomu ya lalamiko la printa aifunge. Akaandika: *Limetatuliwa.*

Ijumaa mkewe alirudi na ratiba ya zamu, akaibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Jumatatu asubuhi, ghorofa ya pili, jina lake lilikuwa la kwanza. Fundi hakuigeuza karatasi. Alitazama vumbi la kijivu likidondoka taratibu kutoka upande wa pili wa ratiba mpaka sakafuni, akaenda kuchukua ufagio.