Msiba wa Mtu Anayejibu

Kaka yangu Surafel alizikwa kabla ya mvua za mwezi wa Hamle, lakini kompyuta yake iliendelea kuwajibu watu. Ilipolia chumbani mwake, mama aliacha kukaanga kahawa, akasema, "Yuko kazini."

Sikumsahihisha. Maisha yameshanizaba makofi ya kutosha, sikuona haja ya kumgawia na yeye.

Surafel alitengeneza programu ya kugeuza tarehe za kalenda yetu yenye miezi kumi na mitatu ziwe za nchi za nje. Akaigawa bure pamoja na msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, atakaye aufungue, aurekebishe. Chini akaandika kwamba hadaiwi na mtu. Kisha, kwa vile alikuwa mvivu mwenye adabu, akaitegea kompyuta imjibu kila anayelalamika: "Nimeona, ndugu yangu. Wiki hii nitarekebisha."

Siku moja mama akataka nimsomee wanachosema. Aliyeandika mara nyingi kuliko wote ni Zinash, nesi katika mji wa Dessie. Programu haikujua kwamba mwaka huu Pagume, mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu, una siku ya sita. Siku hiyo wagonjwa wake wa kifua kikuu, ambao kliniki huwaita kwa programu hiyo, wasingepata ujumbe wa kuchukua dawa. Kila alipouliza, marehemu alimwahidi wiki hii.

"Hana la kudai," nikasema. "Kaka kaandika mwenyewe hapa, ikikuharibikia, shauri yako."

"Na nani kamwambia huyu dada nitarekebisha?"

"Mashine, mama."

"Kwa jina la mwanangu." Akaweka birika chini. "Mmemwacha mtu anamngoja maiti, hajapelekewa habari?"

"Nitampigia simu."

"Msiba kwa simu? Wewe umelelewa na nani?"

Basi alfajiri, kabla Zinash hajaonja kitu, kama desturi yetu ya kupeleka msiba, shangazi yetu wa Dessie na wanawake wawili wa chama cha mazishi, waliotumwa na mama, walisimama mlangoni kwake, mitandio myeupe imevaliwa kimsiba. Nilicheka peke yangu nikiwawaza, mpaka Zinash aliponipigia.

"Dada, nilidhani ni baba. Wanasema ni Surafel."

"Ni yeye. Pole."

"Lakini jana kanijibu."

Nikamweleza. Nyuma yake wanawake walikuwa wakimlilia mtu ambaye mwenye nyumba hakuwahi kumwona.

"Tuna fundi hapa," akasema. "Alitaka kuirekebisha tangu mvua zianze. Nikamkataza. Nikamwambia Surafel mwenyewe ameahidi, tusimvunjie heshima. Na siku yenyewe ni keshokutwa."

Nikatafuta utani, nikaukosa. "Mwamshe," nikasema. "Asiombe ruhusa kwa mtu."

Fundi aliwahi, lakini chupuchupu.

Nilipokaa kuzima yale majibu, mama alikuja akasimama nyuma ya kiti.

"Ukizima, atanyamaza kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akaniwekea mkono begani. "Zima."

Nikazima. Kisha nikaandika mahali ambapo kila mtumiaji angeona: Surafel amefariki. Hapa hakuna mtu. Msingoje, chukueni msimbo mrekebishe wenyewe.

Wa kwanza kujibu alikuwa mtu wa mji wa Gondar. "Acha utani, Surafel. Juzi si umeniambia wiki hii?"

Nikamjibu kwa jina langu. Hakuamini.