Misiba Aliyoikosa Mzee Dale

Usiku wa kuamkia leo niliota nimempeleka Mzee Dale kwao.

Mzee Dale ni mzungu wa Wiskonsin, Marekani, ninayemhudumia nyumbani kwake: dawa, chai, kumfunga viatu. Tangu afiwe na mkewe, Carol, hana ndugu, ndiyo maana anatafuta ukoo. Kajifunza kufuma masweta ya Kinorwei, kala samaki wa kulowekwa magadi hadi tumbo likamkataa, na ukutani katundika cheti cha maabara kinachosema damu yake ni ya Norwei. Nampenda mzee yule, hata akivaa sweta lenye mkono mmoja mrefu.

Basi, ndotoni tunafungua mlango wa chumba cha kufulia, na nje ni Norwei. Kuna nyumba ya mbao, imefungwa.

"Hodi," nasema.

"Nani?" unauliza mlango.

"Dale, kitukuu wa Torvald aliyehamia Marekani," anasema Mzee, akionyesha cheti.

"Damu tunaiona. Mama yake Torvald alipokufa, mbona hukuja kuzika?"

"Nilikuwa sijazaliwa."

"Kila mtu ana udhuru," unasema mlango. "Umekosa misiba ya miaka mia na arobaini. Lia kwanza, ndipo uingie."

Mawe ya makaburi yanatoka nyuma ya nyumba, yanaketi kwenye benchi, yanapewa kahawa. Mzee anavua kofia. "Poleni kwa yaliyowafika," analiambia jiwe la kwanza.

"Huyu anasoma tangazo," jiwe linamwambia mwenzake.

Aibu ikanishika mimi. Nimezaliwa Muheza, kwetu kulia hakufundishwi. Nikaangua kilio, "Uwii, mama yetu!"

"Wewe nani yake?" linaniuliza jiwe.

"Namfunga viatu."

"Mfunga viatu analia, mwenye msiba macho makavu!"

Mzee ananigeukia. "Saumu, sijui nianzie kwa nani."

"Anza na unayemkumbuka, Mzee wangu. Wengine watafuata."

"Carol," anasema.

"Huyo si wa kwetu," linanung'unika jiwe.

"Mwache," linajibu jingine. "Mkwe ni wetu."

Hapo akajifunika uso kwa sweta, akalia. Akamlilia Carol, akamlilia mama yake, akarudi nyuma mmoja mmoja mpaka kwa mama yake Torvald, aliyemwekea mwanawe sahani mezani kila jioni hadi mama mwenyewe akafa. Mawe yakaweka vikombe chini. Mlango ukafunguka, nami nikaamka.

Saa moja asubuhi nampelekea dawa. Macho yamemvimba. Anafungua mdomo, sauti haipo, ananong'ona:

"Saumu, mimi nilikuwa nimejifunika. Walitufungulia?"

Nilitaka kumjibu, lakini nami sauti ilikuwa imekauka kwa kilio. Nikaitikia kwa kichwa.