Wimbo wa Mtambo Namba Tatu

Kosa ni langu, nalisema mapema. Ni mimi niliyeutungia mtambo namba tatu, wa kufungasha sabuni, nenosiri refu kama barua ya posa: "Twiga saba, ndoo nne, bibi harusi haogi." Nilijisifu kwelikweli. Mwizi gani wa mtandaoni angelibahatisha lile?

Ila sikuwajua wafungashaji wetu. Mitambo inanguruma, mikono imo kwenye glavu, na kila zamu ikibadilika lazima mtu aandike nenosiri upya. Kwa hiyo mama mkubwa, msimamizi wa zamu na ndiye aliyeniombea kazi, akalitia sauti. Kufikia Ijumaa ukumbi mzima ulikuwa unaliimba, na makofi juu.

Mimi nilikuja kulisikia siku ya mkaguzi. Mteja wetu mkubwa alimtuma ajaribu kuingia kwenye mitambo yetu kwa kompyuta yake. Akifaulu kabla ya saa kumi, kazi yangu ya majaribio inaishia hapo hapo. Bosi alishaniambia bila kupepesa macho. Asubuhi nzima mkaguzi alihangaika, akatoka kapa. Saa tisa akataka kunyoosha miguu, kompyuta kwapani, nami nikampeleka kiwandani kwa mbwembwe zote.

Nikafungua mlango.

"Twiga saaaba!" akaanzisha mmoja.

"Ndoo nneee!" wakaitikia arobaini.

Mkaguzi akachomoa kalamu.

"Wimbo mtamu," akasema. "Wa harusi?"

"Wa... wa kazi tu," nikajibu, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi.

Nenosiri hubadilishwa mtambo ukiwa umesimama, na kuusimamisha katikati ya zamu ni kujitafutia balaa. Nikatimua mbio, nikateleza kwenye unga wa sabuni, nikakibamiza kitufe chekundu kwa kiganja. Kimya. Na ndani ya kimya hicho mama mkubwa, kafumba macho, akamalizia peke yake:

"Bibi harusi haooogiii!"

"Mama mkubwa, utaniua!"

"Kwani nimefanya nini tena, mwanangu?"

Nikaandika nenosiri jipya. Nyuma yangu mkaguzi alikuwa ameshaweka kompyuta juu ya katoni ya sabuni. Akaandika maneno ya wimbo, akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena, kwa hasira kidogo.

"Imekataa," akasema.

Bosi akaingia anahema. "Nani kasimamisha mtambo?"

"Mimi, bosi. Nimebadilisha nenosiri."

Mkaguzi akamnong'oneza kitu. Bosi akanisogelea, kidole karibu na pua yangu. "Nitajie hilo jipya. Hapa hapa, kwa sauti. Hutaki, kafungashe virago."

Watu arobaini wakanikodolea macho. Yule bwana namwogopa hadi leo, na kazi ile nilikuwa naitaka kufa.

"Sikutajii, bosi."

"Unasemaje?"

"Sikutajii! Hata ukinifukuza."

Mkaguzi akafunga daftari lake. "Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa mwisho," akasema. "Karibu wote huwa wanataja, wakiulizwa na bosi."

Bosi akaangua kicheko hadi akaketi juu ya katoni. "Njoo usaini ajira, we binti mkaidi!" Mama mkubwa alishaninyanyua juu mzima mzima, ukumbi unapiga kelele za furaha, na mtambo namba tatu bado umesimama wala hakuna aliyejali.