Majina Yasiyoulizwa

Sipendi kujisifu, lakini skripti ile, programu fupi ya kompyuta niliyoiandika, ilikuwa kiboko. Waulizeni wenzangu, kama watakubali kusema kweli, ingawa nawajua.

Kazi ya ofisi yetu ni kutunza tovuti za watu kwenye seva, kompyuta isiyotakiwa kuzimwa. Wiki nzima Bosi alikuwa akifoka kwamba wateja wanatuhama kimyakimya, na akataka kuwajua ni akina nani. Fundi mkuu, tunayemwita Mzee Subiri kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila mteja, alikuwa anakagua kwa mkono. Anafungua faili ya mipangilio ya tovuti moja, anasoma jina, anauliza mtandaoni jina hilo linaelekea anwani ya seva gani, anaandika kwenye daftari, anakunywa chai. Faili zilikuwa mia tatu na kitu. Kwa mwendo ule angemaliza mwakani, tena akiwahi.

"Nipeni siku mbili," nikasema. Nilikuwa na sababu zangu. Mwaka wa pili huo naitwa mfanyakazi wa majaribio, utadhani mimi ni dawa, na Bosi alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba nikimletea orodha ya waliohama atanisainia mkataba wa kudumu. Niliutaka mkataba ule mpaka nikawa nauota.

Skripti yenyewe ilikuwa fupi. Inafungua kila faili, inachomoa jina la tovuti na kuuliza linakaa wapi. Likijibiwa kwa anwani ya seva yetu, mteja bado yupo. Likijibiwa kwa anwani nyingine, ameshahama na kutuachia faili tu. Niliijaribu kwa majina matatu, ikapatia yote, nikaridhika.

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu. Badala ya kuiendesha yote nikiwa peke yangu na kusoma majibu, niliiendesha kikaoni, kwenye skrini kubwa, ili watu waone kazi.

"Soma kwa sauti," Bosi akaamuru. "Tuwajue wasaliti!"

Nikasoma. Duka la vitanda, msaliti. Wakili mmoja, msaliti. Mzee Subiri akatikisa kichwa kwa masikitiko baada ya kila jina. Jina la arobaini na moja nililisoma nusu. Lilikuwa jina la kampuni yetu wenyewe, na anwani ilikuwa ya washindani wetu.

"Skripti yako mbovu," Bosi akasema.

Ningekuwa na akili ningeitikia. Lakini mimi na ubishi ni pete na kidole. Nikairudia mbele ya wote, ikajibu vilevile.

Baadaye akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. "Seva yetu inazimika kila wiki," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Unataka mteja mpya afungue ukurasa wetu akute hakuna kitu?"

"Na wateja wa zamani je, Bosi?"

"Wao wana namba ya Mzee Subiri."

Akatoa mkataba wangu kwenye droo, akauweka mezani, akaushikilia kwa kidole. Alitaka mstari mmoja tu uongezwe kwenye skripti: kuna majina ya kutoulizwa, la kwanza la kampuni yetu. Nikauongeza. Mlangoni nikakutana na Mzee Subiri, anakuna kisogo. "Mwanangu, na la duka la mke wangu." Nikaliweka nalo. Mwishowe Bosi akaona wengine waliobaki wanatutia aibu bure, wakaingizwa humo wote. Ripoti ikatoka safi: aliyehama, hakuna. Akanisainia.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia. Alikuwa mama mwenye shule ndogo ya chekechea, mteja wetu tangu ofisi ifunguliwe. Tovuti yake ilikuwa imezimika kwa siku ya tatu, na ilikuwa wiki ya kuandikisha watoto.

"Wazazi wanadhani nimefunga shule," akasema. "Binti yangu, wewe ndiye unayejua mambo haya. Niambie ukweli, nibaki au nihame?"

Nikaona haya, wallahi, mpaka masikio yakawaka moto. Mkataba ulikuwa mbele yangu, na jina langu juu yake limeandikwa bila kosa hata moja.

"Baki, mama," nikasema. "Hakuna hata mmoja aliyetuhama. Ripoti ninayo hapa."

"Basi nimetulia," akasema. "Nilijua wewe huwezi kunificha."