Ng'ombe Aliyeota Baraza

Jumatatu, baada ya kukamua, Noelene Crabbe alivua buti za mpira, akavaa viatu vya kanisani, akaendesha gari hadi benki mjini Korumburra. Tangi lake la kupozea maziwa lilikuwa limekufa, na lori la kiwanda halichukui maziwa vuguvugu. Tangu Ijumaa alikuwa akiyamwaga mtaroni.

Meneja, Darryl Pascoe, alisoma naye darasa moja.

"Mkopo wa tangi siwezi, Noelene."

"Kwani lini nimekukimbia na deni?"

"Si wewe, dada. Mkopo wa nyumba, makao makuu wanauweka dhamana benki kuu, wanapata fedha za kukopesha tena. Wa tangi benki kuu hawautaki. Unatukalia hapa kama mgeni asiyeaga. Niletee nyumba."

"Nyumba ilishaingia rehani, nikanunua ng'ombe."

"Basi ndo hivyo."

Jioni ile ng'ombe wake Dulcie alianza kuota paa la bati mgongoni. Kesho yake likaja baraza, kisha dirisha ubavuni, lenye pazia la lesi. Noelene alizigonga mbao, akaona hazina mchwa, akampigia Darryl simu.

Mthamini wa benki alikuja na futi yake. Dulcie aliendelea kucheua.

"Vyumba viwili," mthamini alisema. "Jiko linaelekea kaskazini, litapata jua. Ila inatembea."

"Haivuki uzio," Noelene alimjibu.

Mthamini aliandika kwamba nyumba ina mandhari ya kubadilika, akaipandisha thamani.

Mkopo ulipita upesi, lakini kwa sharti kwamba utumike kwenye nyumba tu.

"Na tangi?" Noelene aliuliza.

"La maji ya mvua, sawa. La maziwa, hapana."

"Darryl, usinifanye mjinga."

"Kanuni sikutunga mimi," Darryl alisema, macho yakiwa mezani.

Noelene akafikiri kwamba kodi ya mpangaji itanunua tangi. Kwa mkopo ule akamwekea Dulcie bafu. Mwalimu wa muziki akahamia, akazoea kutafuta mlango wake malishoni kila atokapo kazini. Mafundi walipounganisha mabomba, chuchu za Dulcie zilianza kutoa maji, ya moto upande wa kushoto, ya baridi kulia. Kodi yote ikaishia kwenye marejesho.

Ng'ombe wengine nao wakaota mabaraza. Benki ikamkopesha Noelene kwa dhamana ya kila mmoja, na makao makuu wakamtumia Darryl kadi ya pongezi. Noelene aliendelea kuamka alfajiri. Alisimama zizini, mikono ikimuuma kwa kukosa cha kukamua, akisikiliza wapangaji wakioga.

Majira ya kuchipua Dulcie alizaa. Ndama alitoka ndama mtupu: manyoya, kwato, pua yenye unyevu. Noelene alilia kwa furaha, akampakia kwenye gari, akampeleka benki.

"Huyu atakuwa wa maziwa," alimwambia Darryl. "Nikopeshe nianze upya."

Darryl alimzunguka ndama, akampapasa mbavu kwa upole.

"Hana hata kidirisha, Noelene. Mrudishe akishaota."

Ndama alikuwa na njaa. Noelene alivuka barabara hadi dukani, akanunua maziwa ya pakiti yaliyotoka jimbo jingine, akamnywesha kwa chupa mbele ya benki. Watu walipita wakimsalimia.