Kikohozi cha Pikipiki ya Mzee Anouar

Pikipiki ya marehemu mzee Anouar ilikunywa esansi kama mlevi wa harusini, na Bujumbura ya siku hizi si mji wa kufuga kitu cha namna hiyo. Seifu, mwanawe, alikuwa anapanga foleni kwenye kituo cha mafuta tangu alfajiri, anapata lita chache, na kabla hajamaliza kuwasambazia wateja wake mikate tanki limeshakauka. Kila mtu alimwambia abadilishe vifaa vya kabureta. Yeye akawa anaahirisha tu, na sababu hakumwambia mtu.

Sababu ilikuwa mama yake, Bi Adija.

Mzee alikuwa na mazoea yake. Akifika kona ya wauza mkaa, karibu na kwao Kamenge, alifunga robine, ile koki ya esansi, ili injini imalizie kile kilichobaki ndani ya kabureta. Ubahili mtupu, jamani. Pikipiki ilifika langoni ikikohoa, koho, koho, kisha ikazima yenyewe. Bi Adija akisikia kikohozi hicho anainuka na kufungua mlango, uso umemnawiri. Mzee akafa, Seifu akarithi pikipiki pamoja na yale mazoea, na mama akaendelea kuinuka vilevile. Ila kila jioni, akiona kwamba aliye langoni ni Seifu, uso ulishuka. Ulishuka kidogo tu, lakini Seifu aliuona, na ulimuuma. Hata hivyo aliogopa zaidi kumnyima mama yake ile furaha ya kuinuka.

Foleni ya juma lile ndiyo iliyomshinda. Akaisukuma pikipiki mpaka Mutakura kwa fundi Ilias, aliyekuwa rafiki wa mzee tangu ujana. Ilias akafungua kabureta, akamwaga vipande kwenye sahani ya bati, akainua sindano kwenye mwanga.

"Ona, imelika upande moja," akasema. "Na jikleri, haka katundu kenye kupitisha esansi, kamepanuka. Juenti nayo, hii ya kuzibia, baba yako alikataka mu mupira ya baiskeli."

"Haiwezi kutengenezwa bila kubadilisha?"

"Baba yako alikuwa ananiuliza vile kila mwaka. Leo apana. Mi nimechoka na hii kabureta kuliko we."

"Itakohoa tena?"

"Ikikohoa, uirudishe hapa unicheke mbele ya watu."

Ilias alidhani amemfurahisha Seifu, maskini, akaendelea na kazi yake akiimba kwa pua. Akatia sindano mpya, jikleri mpya, juenti ya dukani safari hii, akawasha, akainamisha kichwa na kukaza skrubu polepole mpaka injini ikanguruma sawasawa, bila moshi.

Jioni, kwenye kona ya wauza mkaa, mkono wa Seifu ulifunga robine bila yeye kuuagiza. Pikipiki ikaendelea kunguruma. Ikapita mkaa, ikapita kinyozi, ikafika langoni na esansi bado imo ndani ya kabureta. Seifu akakaa juu yake akiisubiri ikohoe. Haikukohoa. Mwishowe akazungusha ufunguo, akaizima mwenyewe.

Mlango haukufunguliwa. Ikabidi apige hodi nyumbani kwao kama mgeni.

"Ni nani?"

"Ni mi, mama. Seifu."

Kiti kikakwaruza sakafu. Bi Adija akafungua, akatazama pikipiki nyuma ya bega la mwanawe.

"Imekufa?"

"Apana. Imepona. Ilias amebadilisha vyombo, haitakohoa tena." Akainamisha macho. "Unisamehe, mama. Najua ulikuwa unamusikia baba mule."

Bi Adija akashika mlango, machozi yakamlengalenga. Akayafuta kwa upindo wa mtandio.

"Nilikuwa najua ni we," akasema. "Kila siku nilikuwa najua. Lakini nikiisikia, mwili unasimama wenyewe, unaenda kumufungulia yeye." Akavuta pumzi. "Leo nimesikia jina yako, nikasimama."

Akamtazama Seifu kwa muda mrefu, kuanzia viatu, akamkung'uta unga wa mikate begani. Safari hii uso haukushuka. Mkono ukapanda mpaka shavuni, ukatulia hapo.

"Umekonda hivi, mwanangu," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu zamani, mama," Seifu akajibu.