Safu ya Maji

Wageni waliokuja kuikagua maabara yetu walikuwa ukumbini wakinywa chai, nami nimeikodolea macho sahani ya jeli, naomba maji yabaki maji.

Jeli hiyo, inayotenganisha protini kuwa mistari, ilikuwa na safu nne. Tatu zilikuwa za protini tulizotoa kwenye kuta za seli za muhindi, mharage na msonobari, mimea ambayo ingekutana njiani isingesalimiana. Kila tulipoilinganisha, mstari mmoja mnene ulitokea palepale kwa yote mitatu. Mjomba, ambaye kazini ni profesa wangu, alishautangaza: protini moja inayoshikilia ukuta wa kila mmea. Wageni wakiridhika, maabara yake inabaki. Wasiporidhika, inafungwa na yeye anarudi nyumbani kukaa.

Safu ya nne niliidai mimi. Maji matupu, yaliyopita kwenye kinu kilekile na mikono ileile, yasiyopaswa kuonyesha mstari wowote.

"Yaani umenikalisha natwanga maji kwenye kinu, mpwa wangu," alinitania asubuhi. Lakini aliyatwanga, mikono mitupu kama kawaida yake. Glavu hazitaki, anasema zinamnyima kuhisi jani likilainika.

Rangi ya kuonyesha protini ikaanza kushika. Muhindi, mstari. Mharage, mstari. Msonobari, mstari. Kwenye maji hapakuwa na kitu, nikashusha pumzi. Kisha kikaja kivuli, kisha mstari, palepale.

"Nini hicho?" Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni protini ya ngozi, Mjomba. Ya mikono yako. Imo kwenye kila ulichotwanga."

Aliitazama mikono yake mpaka nikamwonea huruma, kisha nikamkasirikia kwa kunitia huruma wakati kama ule.

"Piga picha," alisema. "Hiyo safu ya nne ikate. Safu tatu si uongo."

"Ni uongo."

"Mimi ndiye niliyekusomesha."

"Ndiyo maana najua."

Mlango ukagongwa, tunaitwa. Nilipiga picha nzima, nikaitia kwenye flashi na kumkabidhi. "Kukata, utakata mwenyewe," nikamwambia. Alitangulia na kompyuta yake kwapani. Nilimfuata roho mkononi.

Ukumbini alihangaika na kompyuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hatimaye picha ikatokea ukutani, nikatafuta ukingo wake wa kulia. Safu ya maji ilikuwepo.

"Hizi tatu ni mimea," alisema Mjomba, sauti imemkauka. "Hii ni maji. Na mstari huu mnaouona kote ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa kitivo, aliyekaa na wageni, aliweka kikombe chini, na Mjomba akaingiza mikono mifukoni.